Diari ya Mwaka wa Thelathini na Nane

Desderius hakuwa na kawaida ya kuagiza kitu kabla hajajua atamwuzia nani. Kwa hiyo Desemba ya mwaka 1937, lori lilipomshushia mizigo yake pale Nkwenda, ndani ya kasha la sabuni mlikuwa na diari tatu tu, na zote tatu zilikuwa za mteja mmoja, Placidius Mutalemwa, dresa wa zahanati.

"Mwaka jana ulininunia kwamba nimekuletea moja, huna cha kuchagua," alimwambia, akizipanga juu ya meza ya duka. "Haya, leo chagua mpaka uchoke."

"Kuchoka nimeshachoka," alisema Placidius, akaketi juu ya gunia la chumvi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya gulio. Asubuhi nzima alikuwa amesafisha vidonda na kuchoma sindano, na sasa adhuhuri alikuwa ametoroka kidogo kuja dukani. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, mrefu, mwembamba, mzaliwa wa upande wa Bukoba kama Desderius mwenyewe. Alianzia kazi Kanoni, kisha akahamishiwa Nkwenda, na huu ulikuwa mwaka wake wa saba hapo akiwa peke yake.

Kazi yake kubwa ilikuwa buba. Ugonjwa huo huanza na vidonda vya kawaida tu, hasa kwa watoto, lakini usipotibiwa huingia kwenye mifupa na nyayo mpaka mtu anatembea kwa ubavu wa mguu. Dawa ilikuwapo. Shida ni kwamba sindano zilikuwa kumi, moja kila baada ya siku saba, na baada ya sindano ya pili au ya tatu vidonda hukauka. Vikikauka, watu hujiona wamepona, hawarudi. Miezi michache baadaye buba hurudi, tena kwa hasira.

Ndiyo maana Placidius alihitaji diari. Katika kila ukurasa aliandika majina ya wote aliowatazamia siku hiyo: Jumatano Nyakatuntu, Ijumaa juu malishoni kwa wafugaji, siku nyingine zahanatini. Aliyekuja aliwekewa alama. Asiyekuja alihamishiwa wiki inayofuata. Akikosa mara tatu mfululizo, alikatwa kwa mstari mmoja. Mwaka huo mistari ilikuwa mingi kuliko alama.

Alivuta diari ya kwanza. Ilikuwa na jalada jeusi, nene kama kitabu cha sala cha padri, kila siku na ukurasa wake. Ni aina ileile aliyokuwa nayo mwaka huu. Ya pili ilikuwa ndogo, nyekundu, ya kutia mfukoni, wiki nzima imebanwa katika kurasa mbili, kila siku na mistari mitatu. Ya tatu ilimshangaza. Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa saa, tangu asubuhi hadi jioni.

"Hii ya nani?"

"Ya watu wenye ofisi. Kila saa ina mstari wake."

"Saa mbili niko njiani," alisema Placidius. "Saa tatu niko njiani. Saa nne nasukuma baiskeli mlimani. Niandike hivyo?"

Desderius alicheka. Placidius hakucheka. Aliisukuma ile ya saa pembeni, akainyanyua nyekundu na kuipima mkononi.

"Nipe hii."

"Hiyo? Siku moja mistari mitatu! Watu wako wote utawaandika wapi?"

"Sitawaandika."

Desderius alimtazama.

"Nimechoka kuandika majina ya watu wasiokuja, ndugu yangu. Naandika, naita, nakata. Naandika tena, naita, nakata. Mwaka kesho nitaandika 'Nyakatuntu', basi. Atakayekuja atachomwa. Asiyekuja, shauri yake."

Hapo mwanamke mmoja akasimama mlangoni. Amefunga mtoto mgongoni, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa mkubwa wa kutembea, wa miaka saba hivi. Mkononi alishika kibuyu cha samli ya kuuza gulioni.

"Shikamoo, bwana mganga," alisema kwa Kiswahili. "Zahanatini wameniambia uko huku."

"Marahaba, mama."

Baada ya salamu akahamia Kinyambo, kwa sababu Kiswahili chake kiliishia hapo, naye Placidius akamjibu kwa Kihaya, wakaelewana kama watu wa huko wanavyoelewana. Aliitwa Komujuni, mke wa mfugaji. Mtoto aliitwa Margreth. Alimshusha taratibu juu ya sakafu, akamgeuza mguu wa kulia. Unyayo ulikuwa umepasuka na kuota nyama mbichi, na mtoto aliukunja mguu ili usiguse chini.

"Mtoto huyu nimewahi kumchoma," alisema Placidius.

"Umemchoma mara tatu. Kule Nyakatuntu, wakati wa kiangazi."

"Kisha mkaacha." Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesema neno hilo mara nyingi mno. "Vidonda vilikauka, mkaacha."

"Hatukuacha," alisema Komujuni.

Placidius aliitoa diari ya mwaka huo kwenye mfuko wake wa turubai, akaiweka juu ya meza ya Desderius na kuanza kupekua. Alikuwa na hakika. Watu wote husema hawakuacha.

"Margreth wa Komujuni. Sindano ya kwanza tarehe ishirini na moja Julai. Ya pili ishirini na nane. Ya tatu tarehe nne Agosti. Baada ya hapo nimekuita tarehe kumi na nane, hukuwapo. Ishirini na tano, hukuwapo. Tarehe mosi Septemba, hukuwapo. Nikakukata."

"Na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Ile iliyofuata sindano ya tatu. Nilikuwa nafunga fundo moja kwenye kamba kila siku. Mafundo yalipofika saba nilimbeba nikaja. Tulikuwa watu wengi, tulikaa pale mpaka jua likatua. Mama mmoja akanilaza kwake. Kesho yake nikangoja tena. Hukuja. Watu wakasema mganga amehamishwa. Niliporudi maji yalikuwa yamekwisha, mume wangu akahamisha ng'ombe, nikamfuata. Ningefanya nini?"

Placidius alirudisha kurasa nyuma. Jumatano, tarehe kumi na moja Agosti. Ukurasa ulikuwa na majina kumi na manne, ameyaandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri wa jioni ya kabla ya safari. Hakuna jina hata moja lililokuwa na alama. Yote kumi na manne yalikuwa yamehamishiwa wiki inayofuata, bila neno lolote la kueleza sababu.

Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa ameondoka alfajiri kama kawaida. Alipofika bondeni, penye mafunjo, alishuka kwenye baiskeli ili aivushe kwa miguu, akaketi juu ya jiwe apumzike kidogo. Hakuumwa. Baiskeli haikuwa na kasoro. Aliketi tu, akautazama mlima ulio mbele yake, akashindwa kusimama. Jua lilipopanda aligeuza baiskeli akarudi nyumbani, akamwambia mke wake kwamba tairi lilipasuka. Wiki iliyofuata alipokwenda Nyakatuntu na kukuta waliokuja ni watano tu, aliwakasirikia wale tisa.

"Ulikuwa mgonjwa?" aliuliza Komujuni.

Desderius, aliyekuwa akisikiliza yote, aliona uso wa rafiki yake akataka kumsaidia. "Mganga naye ni mtu, mama. Huugua kama sisi."

Desderius alikuwa amemfungulia mlango wa kujitetea, na Placidius angeweza kupita.

"Sikuwa mgonjwa," alisema. "Nilichoka. Nikarudi nyumbani."

Komujuni alimvuta mtoto karibu naye. "Mimi pia nilichoka," alisema. "Tena nilikuwa nimembeba."

Hakusema kwa chuki, na hilo lilimuuma Placidius zaidi. Alizirudisha zile diari tatu kwa Desderius bila kuchukua hata moja. Akamnyanyua Margreth mwenyewe, akatangulia kwenda zahanatini. Alichemsha sindano juu ya jiko la mafuta ya taa, akamsafisha mtoto unyayo, akamchoma. Margreth alilia kidogo tu, kama mtu anayetimiza wajibu.

"Tunaanza upya," alimwambia mama yake. "Zile tatu hazihesabiwi tena. Ni kumi kuanzia leo. Nyakatuntu mnaweza kufika?"

"Sasa tuko mbali na Nyakatuntu. Lakini kila gulio naleta samli hapa."

"Basi kila gulio. Mimi nitakuwapo."

Komujuni alimtazama kama mtu anayepima kitambaa dukani, akafunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Nyumbani, jua likiwa bado juu ya migomba, Placidius alimkuta mke wake Joviana nje anamenya ndizi. Aliketi kwenye kiti cha miguu mitatu karibu naye, akavua viatu. Joviana alimsogezea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaendelea na kazi yake.

"Mama Placida," alianza. Placida alikuwa binti yao, ameolewa Muleba. "Siku ile niliyokwambia tairi limepasuka..."

"Tairi halikupasuka."

"Ulijua?"

"Ningeona kiraka. Baiskeli hiyo naifuta mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ulirudi na uso wa mtu ambaye ameshasemwa," alijibu Joviana. "Nikaona niongeze nini?"

Placidius akamweleza habari za Komujuni, na za zile diari. Joviana alisikiliza bila kuacha kumenya. Mumewe alipomaliza kusimulia, aliweka kisu chini.

"Sasa utachukua ipi?"

"Nilitaka ile ndogo. Lakini nimejijua. Nilitaka nijifiche humo. Jina lisipoandikwa, hakuna wa kuniuliza. Nadhani nichukue kubwa tena."

"Kubwa utaijaza."

"Ndiyo, nitaijaza."

"Utaijaza, halafu siku nyingine utaketi tena bondeni, na kule watu wanakungoja na watoto mgongoni. Baba Placida, ulimwandikia bwana daktari wa Bukoba akuletee mwenzako. Alijibu nini?"

"Ombi limepokelewa."

"Mwaka wa ngapi huo limepokelewa?"

Placidius alichukua punje ya kahawa, akaitafuna.

"Hakuna anayekuja," alisema Joviana. "Wewe unapanga kazi za watu wawili, na mtu ni mmoja, tena magoti yake nayajua. Niambie kweli, kama unavyomwambia padri. Kwa wiki, siku ngapi unaweza kutoka na baiskeli, uende na urudi, mvua na jua, bila kukosa?"

Placidius alizihesabu siku moja moja. Ilikuwa aibu kuitamka.

"Moja."

"Basi ni moja."

Jumatatu alirudi dukani akachukua nyekundu ndogo, ile isiyo na nafasi ya kazi za watu wawili. Desderius alidhani amerudi kwenye mawazo yake ya kwanza, akatikisa kichwa. Jioni ya siku hiyo Placidius aliketi na kalamu. Nyakatuntu ilibaki Jumatano, kwa sababu huko wagonjwa walikuwa wengi na njia za kuja Nkwenda zilikuwa mbaya. Ijumaa aliiacha tupu. Wafugaji wa malishoni wangeshuka Jumamosi wakati wa gulio, kama Komujuni. Mistari mitatu ya Jumatano haikuyatosha majina, kwa hiyo aliyaandika kwa herufi ndogo kama siafu, yakajaa na kumwagikia kwenye mistari ya Alhamisi na ya Ijumaa. Ijumaa haikuwa na kazi nyingine.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Ijumaa yake ya mwisho malishoni, tarehe kumi na saba Desemba, alipanda kuwaambia watu kwamba hatakuja tena.

Alikuwa amejiandaa kwa hasira, lakini wengi walilichukua kwa utulivu. Wenye miguu mizima walisema sawa, gulioni huenda hata hivyo. Aliyebaki ni Kamugisha. Huyu alikuwa mzee mwenye donda la miaka mingi kwenye muundi, na hakuweza kutembea hata hadi zizini kwake. Kwa miaka mitatu Placidius alikuwa akilisafisha na kulifunga donda hilo kila Ijumaa, wakipiga soga za ng'ombe.

"Na mimi?" aliuliza Kamugisha.

"Wewe ndiye niliyekuja kwa ajili yako hasa, mzee."

"Nibebwe mpaka Nkwenda?"

"Ukiweza kubebwa, nitakupokea."

"Vijana wako na ng'ombe. Nani anibebe kila wiki?" Mzee alimtazama kwa macho makavu. "Nimekukosea jambo?"

"Hapana, mzee wangu. Sina nguvu. Nikija huku na kule, kuna siku sitafika popote, na sitawaambia. Nimeshafanya hivyo. Afadhali niseme mbele yako kwamba siji."

"Afadhali kwako," alisema Kamugisha.

Placidius alilikubali neno hilo, hakujitetea. Alimwita Anatolia, mkwe wa mzee, akamketisha karibu. Wakachemsha maji yenye chumvi, wakayaacha yapoe. Akamwonyesha namna ya kuliosha donda kutoka katikati kwenda nje, namna ya kufunga kitambaa bila kukaza, na harufu ipi ni ya kawaida na ipi ni ya kukimbilia Nkwenda. Kisha akamwachia afanye mwenyewe, naye akatazama. Anatolia alikuwa na mikono mizuri, haikutetemeka. Placidius alimwachia vitambaa vyote alivyokuwa navyo, akaahidi vingine kila gulio. Kamugisha aligeuza uso upande wa ukuta muda wote huo. Wakati wa kuagana alitoa mkono bila kuugeuza uso.

Siku iliyofuata Komujuni alikuja na Margreth kwa sindano ya pili. Ya tatu iliangukia Krismasi yenyewe. Joviana alikuwa ameshavaa kanga mpya ya kwenda kwenye ibada, na Placidius akamwomba atangulie. Hakukuwa na gulio siku hiyo, na mtu mwenye akili angesema hakuna atakayekuja. Aliketi kwenye benchi la zahanati amevaa koti lake la sikukuu, akangoja. Saa nne hivi aliwaona wakiteremka kilimani. Komujuni hakushangaa kumkuta, au hakuonyesha. Ya nne ikawa mwaka mpya, mvua ikinyesha. Walifika wamelowa.

Si wote waliokuja. Kati ya wafugaji waliosema "sawa", karibu nusu hawakuonekana Nkwenda hata mara moja, na Placidius hakuwafuata. Wengine aliwaona miezi mingi baadaye, wakichechemea. Nyakatuntu hakukosa Jumatano hata moja mwaka huo, ila mbili alizokuwa na homa, na mara zote mbili alimtuma mtu mapema kuwaambia watu wasingoje. Magoti hayakupona. Kutoka Bukoba hakuja mtu.

Donda la Kamugisha halikupona, lakini pia halikuharibika. Anatolia alikuja kila gulio kuchukua vitambaa na kusimulia. Mwezi wa tano mzee alishikwa na homa ya kifua, akafariki baada ya siku nne. Anatolia alisema donda halikuhusika hata kidogo. Placidius alimwamini, maana mikono yake aliijua. Hata hivyo alipanda malishoni kwa miguu kwenda msibani, na njia nzima aliwaza kwamba kama angekuwa anakwenda kila Ijumaa, huenda angekisikia kifua kile mapema. Hakumwambia mtu. Watoto wa marehemu walimpokea vizuri, wakampa maziwa, naye akakaa na wanaume mpaka jioni.

Margreth alimaliza sindano ya kumi tarehe kumi na mbili Februari. Unyayo ulifunga, ukabaki na kovu gumu upande wa kisigino, na mtoto alizoea kukanyaga kwa kuuinamisha mguu kidogo. Pengine, kama zile sindano za kiangazi zisingekatika, hata kovu lisingekuwapo. Placidius alimweleza Komujuni hivyo, kwa sababu aliona ni haki yake kujua.

"Na gulio lijalo?" aliuliza Komujuni.

"Hakuna tena. Amemaliza."

"Amemaliza," alirudia Komujuni, kama asiyejua afanye nini na neno hilo.

Jumamosi iliyofuata alikuja vilevile. Aliuza samli yake, kisha akapita zahanatini na kuketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, Margreth akicheza na vijiti chini. Placidius alimwona, wakasalimiana, akaendelea na kazi. Komujuni aliketi pale mpaka foleni ikapungua, akimtazama anavyoita watu mmoja mmoja, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba bado yupo. Halafu akasimama, akajitwika kibuyu chake kitupu, akamwita mtoto, wakaondoka, Margreth akitembea mbele kwa miguu yake.